Folda ya Marejesho

Sipendi takataka. Tangu utotoni sipendi. Nikiona kopo tupu juu ya kabati mkono unaniwasha. Tabia hii sijui niliitoa wapi, maana mama yangu alikuwa mtu wa kuweka kila kitu, mpaka vifuniko vya chupa ambazo zilishavunjika. Mume wangu, dereva wa lori ambaye siku nyingi yuko barabarani, alizoea kurudi nyumbani akute viatu vyake vya zamani vimeshagawiwa. "Nyumba hii," alikuwa akisema, "ukisinzia sana unajikuta umefagiliwa nje." Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani nilifanya nililofanya kwa bahati mbaya. Bahati mbaya wapi! Nilifanya kwa tabia.

Tulikuwa tunakaa Miyuji, hapa Dodoma, miaka ile soko huria lilipokuwa limeshatuingia kwenye damu. Maduka yamejaa, mitumba imejaa, watu wananing'iniza simu viunoni ili kila mtu azione. Hata kompyuta zilikuwa mitumba. Yangu mimi ilitoka ofisini. Nilikuwa muhtasi, na ofisi ilipoletewa mashine mpya, wafanyakazi tuliuziwa zile kuukuu. Ilikuwa na kisogo kikubwa, na ukiiwasha ilikoroma kwanza, ikakohoa, ndipo ikafunguka. Nikaiweka sebuleni, nikaifunika kitambaa cha kudarizi, maana sebuleni kwetu kila kitu cha thamani lazima kivae nguo.

Nilichoipendea ni vitabu. Siku hizi wanaviita vitabu-pepe. Sisi tuliviita vitabu vya mashine. Nilivipata kwenye kafe ya intaneti mjini saa za chakula cha mchana, nilivipata kwenye sidii za wanafunzi waliorudi kutoka nje, nilivipata kwa kuomba bila haya. Riwaya za Waingereza waliokufa zamani, vitabu vya kufuga kuku, vya nyuki, vya useremala, vya magonjwa ya watoto. Nilivisoma vyote? Tusidanganyane. Nilivikusanya tu. Mimi nisiyeweza kuvumilia kopo tupu juu ya kabati, nilikuwa na vitabu mia nne ndani ya mashine na sikuona uchafu wowote, kwa kuwa havikuonekana kwa nje.

Habari zikasambaa mtaani kwamba nyumba ya kona kuna vitabu vya bure. Watu wakaanza kuja na flopi, vile vibapa vya plastiki vyenye upana wa kiganja, ambavyo kimoja kilibeba kitabu kimoja, na kitabu kikiwa kinono hakikuingia. Mtu anapiga hodi, anakaribishwa, anakunywa maji, anaulizia watoto, anaulizia mvua, ndipo anasema, "Mama, niazime kile cha kuku." Naingiza flopi, nakopi, namkabidhi. Anakwenda kukisoma kwenye kompyuta ya ofisini kwake wakati bosi ametoka.

Sasa hapo ndipo penye kisa. Baada ya wiki mbili mtu yuleyule anarudi. "Hodi! Nimekuletea kitabu chako." Wa kwanza alikuwa mzee mmoja mshona nguo. Nilicheka, nikamweleza kwamba kitabu hakijatoka, kimo humuhumu, alichochukua ni nakala tu. Akaniangalia kama mtu aliyesingiziwa wizi. "Mama," akasema, "nimeazima, nimerudisha. Kuna ubaya?" Nikaona haya mimi mwenyewe. Kwetu mtu akikurudishia ulichomwazima unakipokea kwa mikono miwili, humwambii sikihitaji. Basi nikaingiza flopi yake, nikakirudisha kitabu ndani ya mashine mbele ya macho yake, yeye akiangalia mpaka mwisho, akatikisa kichwa akaridhika. Nikatengeneza folda ya mambo hayo, nikaiita MAREJESHO.

Wala halikuishia hapo. Jirani akikuletea futari kwenye bakuli, wewe hulirudishi bakuli limeoshwa tu. Unatia chochote, hata maembe mawili, hata mayai. Majirani zangu wakaifanya flopi kuwa bakuli. Mshona nguo alirudisha kitabu cha kuku pamoja na kaswida aliyoichapa mwenyewe kwa kidole kimoja. Kiongozi wa kwaya alitia nyimbo za Pasaka, sauti ya tatu peke yake. Dada mmoja wa benki alitia maelezo ya kupika maandazi yasiyonywa mafuta. Mimi nikawa napokea, nasema ahsante, nakopi vyote kwenye MAREJESHO, nafunga.

Lakini hakuna aliyekuwa mwaminifu kama mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, mzaliwa wa Kibakwe, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa akimsaidia mdogo wake kwenye kibanda cha uchapaji karibu na soko, na wateja wakikosekana alikuwa akisoma vitabu vyangu. Kila Ijumaa jioni alikuja kurudisha kimoja na kuazima kingine. Akinipa flopi alisema kwa sauti ya chini, "Nimetia kakitu humo. Nimeona aibu kurudisha tupu." "Ahsante sana, mwalimu," nami nikakopi. Hako kakitu sikukafungua hata siku moja. Kila Ijumaa kalikuja kengine, na kila Ijumaa sikukafungua.

Mwaka huo baada ya mavuno baba yangu alikuja kutoka Kondoa. Mama alikuwa ameshatutoka, na baba alikuwa anaishi peke yake na mizinga yake ya nyuki, mpaka siku alipomwamkia mbuzi wa jirani akidhani ni jirani. Hapo ndipo tulipojua macho yamekwisha. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto lilikuwa jeupe kabisa, la kulia lilikuwa bado linaona kama kupitia pazia. Daktari akasema la kushoto lipasuliwe haraka, wataalamu wa macho wanakuja hospitali ya Mvumi kwa wiki moja tu, na tukikosa nafasi hiyo tungoje mwaka mzima. Kisha akaniita pembeni, akaniambia kwamba jicho lile halina mwaka mzima wa kungoja. Likiiva kupita hapo linaweza kuharibika moja kwa moja.

Baba hakutaka. Yeye aliogopa kisu kwenye jicho kuliko alivyoogopa nyuki, na nyuki hakuwaogopa kabisa. Nikambembeleza, nikanuna, nikapika wali wa nazi, hola. Mwisho, ili asishinde akinitazama kwa huzuni, nikamketisha mbele ya kompyuta. Nikamwonyesha namna ya kukuza herufi mpaka ziwe kubwa kama mayai ya kuku, maneno matatu yanajaza kioo kizima. Nikafungua folda iliyokuwa karibu. "Chagua mwenyewe, baba. Vyote hivyo ni vitabu." Nikakimbilia jikoni, maana maharage yalikuwa yanaungua.

Kuanzia siku hiyo baba akawa mtu wa mashine. Mchana mzima, kofia imesogezwa nyuma, pua karibu iguse kioo, midomo inatembea. Maneno matatu, anabonyeza, maneno matatu, anabonyeza. Umeme ukikatika anakaa palepale kama mtu anayengoja basi. Mimi nikirudi kazini, "Shikamoo baba," "Marahaba," macho hayatoki. Nilidhani anasoma kile cha nyuki. Sikumuuliza. Wiki tatu baba yangu alisoma sebuleni kwangu, na mimi sikumuuliza anasoma nini.

Siku moja wakati wa chakula akasema mwenyewe, bila kuulizwa, "Nitakwenda huko Mvumi." Kijiko kikaniponyoka. "Ila nimalize kitabu kwanza," akasema. "Siwezi kwenda kukatwa jicho wakati sijui kama yule mke alirudi, na kama alirudi, ni nini kilichomrudisha. Wakiniharibu jicho nitauliza kwa nani?" Nikasema alhamdulillahi, soma baba, soma hata mara mbili. Jina lake likaandikwa: Jumatatu ya wiki ile nyingine.

Na hapohapo, wee! Rafiki yangu wa Dar es Salaam akanitumia sidii yenye vitabu elfu moja. Elfu moja! Nikaiingiza, mashine ikaniandikia kwamba haina nafasi. Nikaona kumbe imejaa mpaka shingoni. Basi Jumamosi asubuhi baba alipokwenda kunyolewa, nikafunga kanga kiunoni kama ninayetaka kudeki, nikakaa kitako.

Nilianza kwa adabu. Nilichukua daftari, nikaandika majina, kila kitabu nikakiuliza: nimekusoma? Nitakusoma? Kuna mtu atakuulizia? Saa nzima ikapita, nimefuta vitabu sita, na viwili nimevionea huruma nikavirudisha. Ndipo nikafungua MAREJESHO. Makubwa! Kitabu cha kuku kilikuwemo mara tisa. Cha useremala mara saba. Cha magonjwa ya watoto mara kumi na moja, mtaa mzima ulikuwa unalea. Na katikati yake faili za ajabuajabu, sijui kaswida, sijui maandazi, sijui SURA1, SURA2, SURA3. Hasira zikanipanda. Nikajiambia, haya yote yalishakuwemo kabla hayajarudi, nani atakaa kuchambua? Nikaifuta folda nzima. Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikalimwaga na lile pipa la taka la ndani ya mashine, lisibaki hata vumbi. Nikapakia vitabu vyangu elfu moja. Nikajimiminia chai. Kwa kweli nilijiona mwanamke wa maana.

Baba akarudi kichwa kinang'aa, akaketi, akabonyeza. Akabonyeza tena. "Mama," akaniita, maana baba huniita hivyo, jina la mama yake, "kitabu changu kiko wapi?"

"Kipi, baba? Kile cha nyuki?"

"Nyuki wa nini? Nyuki nawajua. Kitabu cha fundi wa visima."

Nikamwambia sina kitabu cha fundi wa visima. Akasema kipo, sura kumi na tisa, amefika ya kumi na nane. Ni fundi wa visima huku kwetu kwenye ukame, anagombana na mkewe kwa sababu anachimbia kila mtu visima na nyumbani kwake hakuna maji, mke anafunga mzigo anakwenda kwao Kibakwe. Aliposema Kibakwe nikaacha kubisha. Hakuna Mwingereza aliyekufa zamani aliyepata kuandika habari za mke kurudi kwao Kibakwe. Nikakumbuka ile sauti ya chini ya Ijumaa jioni. Nimetia kakitu humo.

"Baba," nikasema, "nimekifuta."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema, "Basi," akainuka, akapapasa ukuta mpaka nje, akakaa kwenye kiti cha uani. Nilipomfuata na chai akasema kwa upole kabisa, "Mvumi siendi. Nilisema nimalize kwanza. Sikumaliza." Nikalia, nikasema baba tafadhali, jicho hilo halingoji. Akasema, "Nimesema, mwanangu." Na mimi namjua baba yangu, akishasema hivyo umefika ukutani.

Nikakimbilia kwa fundi wa kompyuta mjini, akanisikiliza, akauliza kama niliandika kitu kingine juu yake. Nikasema vitabu elfu moja. Akacheka mpaka akaomba radhi. Ndipo Jumapili, baada ya ibada yake, nikaenda kwa mwalimu. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakapotea mlangoni.

"Shikamoo mwalimu. Nimefuta sura zako zote."

Akavua miwani. Akauliza kama zote maana yake zote. Nikasema zote. Nikamwuliza kama ana nakala, akasema angezitoa wapi, kompyuta si yake, anaandika kwenye flopi hiyohiyo moja, akishaniletea anaifuta apate nafasi ya kitabu kingine. "Nilijua ziko kwako," akasema. "Miezi mitano, mwanangu! Miezi mitano naandika, kumbe naweka jalalani!" Akasema mengine ambayo nilistahili. Alinisema kama anavyosemwa mwanafunzi aliyechana daftari la mwenzake, nami nikasimama mikono nyuma vilevile. Alipochoka nikasema kwamba mimi si neno, kinachoniumiza ni baba, amekataa kupasuliwa jicho mpaka ajue kama mke alirudi.

Mwalimu akauliza polepole, "Kwani kuna mtu alikuwa anasoma?"

"Kila siku, mwalimu. Maneno matatu matatu."

Akairudisha miwani usoni, akakaa. "Mimi nilidhani hakuna anayefungua," akasema. "Nilikuwa naandika nisirudishe tupu tu." Kisha akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa, "Yule mzee anasemaje? Ile sura ya ng'ombe kutumbukia kisimani, aliipenda?"

Nikamwambia aje amuulize mwenyewe. Alikuja jioni ileile, amevaa gauni la kanisani. Baba alipoambiwa kwamba aliyeandika kitabu ni huyu mama aliyekaa mbele yake, akasimama, akavua kofia, jambo ambalo simkumbuki akimfanyia mkuu wa wilaya. "Wewe ndiye uliyemtumbukiza yule ng'ombe?" akauliza. "Ndiye, mzee." "Nilikasirika siku mbili!" Wakacheka wote wawili, nami nikaona mlango umefunguka kidogo.

Nikasema hivi: baba ameyasoma maneno matatu matatu, atakuwa ameyashika. Asimulie, mwalimu arekebishe, mimi niandike. Kazini kwangu ndiko nilikofunzwa hatimkato, ile mikwaruzo ya kuandika haraka kama mtu anavyosema, na bosi wangu alikuwa msemaji kuliko baba. Mwalimu akakubali. Baba akasema, "Nitasimulia, lakini kuhusu Mvumi nimeshasema." Tulikuwa na siku saba.

Kila nilipotoka kazini niliwakuta wameshakaa, kahawa iko katikati. Baba aliyafunga macho yake mabovu, akaanza. Ajabu ya Mungu! Alikuwa anakumbuka mpaka rangi ya kamba ya ndoo. Mwalimu alikuwa akimsikiliza mdomo wazi, mara anasema "ndiyo ndiyo," mara anasema "hapo sikuandika hivyo, niliandika vibaya zaidi, acha la mzee." Nikakwaruza kwenye daftari mpaka mkono ukauma, na Alhamisi tukawa tumefika pale mke anapoondoka.

"Akajitwisha kinu chake kichwani," baba akasema, "akashika njia."

"Sanduku, mzee," mwalimu akamsahihisha. "Niliandika sanduku."

"Kinu."

"Mzee, mimi ndiye niliyeandika. Alibeba sanduku la bati."

"Alibeba kinu, mwalimu," baba akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kile kidogo cha ulezi. Sanduku aliliacha na nguo zake zote."

Kalamu yangu ikawa hewani. "Niandike kipi?" nikauliza. Mwalimu alikuwa anamtazama baba, hanitazami mimi. "Andika kinu," akasema. Kisha akamuuliza baba taratibu, kama anayemuuliza mtoto aliyeumia, "Na mchi je, mzee? Alichukua mchi?"

"Mchi aliuacha. Aliuegemeza ukutani karibu na mlango."

Mwalimu akajifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Niliona mabega yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Haya," akasema, "tuendelee."

Mimi sikuweza kuendelea. Kinu kile nakijua. Nimetwangia ulezi humo utoto wangu wote, kina ufa uliofungwa kwa waya. Nikasema, "Baba, huyu ni mama?" Akasema ndiyo, wewe ulikuwa hujazaliwa. Waligombana kwa jambo dogo, la mizinga kukaa karibu na nyumba. Mama akaondoka, akakaa kwao miezi mitatu, na baba kwa kiburi hakwenda kumfuata. Halafu asubuhi moja akamwona anateremka kilimani, kinu kichwani. Akaingia jikoni, akaanza kutwanga. "Sikumuuliza kilichomrudisha," baba akasema. "Naye hakusema. Tumekaa miaka yote ile mpaka namzika, sikumuuliza."

Mimi nilikuwa nimeshikwa na machozi na aibu pamoja. Mwalimu ndiye aliyejitikisa kwanza. Akagonga meza kwa kidole kama yuko darasani.

"Mzee, sura ya mwisho sijaiandika bado. Ulikuwa unaingoja ya kumi na tisa ukidhani inamaliza, haimalizi. Ya ishirini ndiyo yenye jibu, nami jibu ninalo tangu dakika kumi zilizopita. Lakini nakuambia mbele ya mwanao, sikusimulii, na huyu hakusomei. Nitaichapa kwa herufi ndogo za kawaida, na utaisoma kwa jicho lako mwenyewe, likitoka Mvumi."

"Mwalimu, huo ni uonevu," baba akasema.

"Nimesema, mzee."

Sijawahi kumwona baba yangu akifikishwa ukutani kwake mwenyewe. Jumatatu alfajiri alikuwa wa kwanza kuvaa, akanigongea mlango akiuliza kama mimi sina haraka.

Sitaeleza ya Mvumi. Aliingia akisoma dua, akatoka na bandeji, akadai chai. Kesho yake bandeji ikafunguliwa, akanitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe umenenepa." Nilifurahi sijapata kufurahi vile kwa kutukanwa. Akaamriwa asiinue mizigo, asiiname, na kwa vyovyote vile asilifikiche jicho.

Tuliporudi Miyuji mwalimu alikuwa anatungoja na flopi mkononi. Baba akavaa miwani mipya aliyopewa Mvumi, akaketi. Safari hii sikwenda jikoni. Nilivuta kigoda nikakaa ubavuni mwake, mwalimu akasimama nyuma yetu, na baba akasoma kwa sauti, herufi ndogo kama za watu wote, bila kukwama.

Fundi wa visima anasuka kamba ya ndoo asubuhi. Anamwona mkewe anateremka, kinu kichwani. Mke anatua kinu, anatazama ukutani karibu na mlango, anasema, "Mchi wangu uko wapi?" Fundi anasema, "Ulipousahau." Mke anamtazama, anasema, "Nani kasahau?" Na chini yake mwalimu alikuwa ameandika kwamba mwanamke anayekwenda asirudi habebi kinu akaacha mchi. Aliuacha pale mlangoni, mahali ambapo mume akitoka asubuhi lazima auone, ili kila siku ajue kwamba anangojwa afuate njia ya Kibakwe.

Baba akaacha kusoma. Akarudi nyuma mstari mmoja, akausoma tena kimoyomoyo, midomo inatembea.

"Mimi nilidhani alisahau," akasema. "Miezi mitatu! Siku ya pili tu niliuondoa pale, nikautupa nyuma ya ghala. Ulikuwa unakaa njiani."

Mwalimu akapiga kelele, "Mzee!" Nami nikamtazama baba yangu, na zile folda zangu zote zikanijia, na vile vifuniko vya mama visivyo na chupa, nikaelewa hatimaye tabia hii niliitoa kwa nani. Nikaanza kucheka, baba naye akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka macho yote mawili, zima na bovu, akainua mkono ayafute.

"Baba," nikaudaka mkono wake, "usifikiche."